Leitrim: timu isiyoweza kununua mchezaji

  

Mwezi huu sitaongea habari za ligi kubwa za Ulaya, maana vijana wanazijua kuliko hata mimi mwalimu wao. Naomba mnivumilie niwapeleke Ayalandi, kisiwa kile kilicho jirani na Uingereza, kwenye kaunti moja ndogo inayoitwa Leitrim. Huko kuna timu inayohangaika sana, na shida yake naona inafanana na ya timu zetu za hapa: wachezaji wanaondoka. Hapa kwetu huyu kapata safari ya nchi ya tatu, yule karudi nyumbani na familia yake, mwingine kaenda kutafuta maisha. Halafu jioni uwanjani unasikia watu wanasema, "Timu imekufa, tuivunje tu." Hebu tuangalie wenzetu wa Leitrim wamepita wapi, halafu tutarudi kwenye jambo hili la kuvunja timu.

Kwanza, mchezo wenyewe

Leitrim hawachezi mpira huu tunaoujua sisi. Wanacheza mpira wa Kigaeli, mchezo wa asili wa Ayalandi. Kila timu ina watu 15. Mpira unaruhusiwa kushikwa kwa mikono, lakini huwezi kukimbia nao unavyotaka. Baada ya hatua nne lazima uudundishe chini, au uupige kwa ncha ya kiatu urudi mikononi mwako. Kumpa mwenzako unapiga kwa mguu au unaugonga kwa mkono. Kuurusha kama mpira wa kikapu ni kosa.

Magoli yao yana milingoti miwili mirefu na mwamba katikati. Mpira ukiingia chini ya mwamba, wavuni, hilo ni goli na lina thamani ya pointi tatu. Ukipita juu ya mwamba katikati ya milingoti, ni pointi moja. Tangu 2025 kuna sheria mpya, kwamba ukipiga kutoka nje ya mstari wa mita 40 ukapita juu, unapata pointi mbili. Matokeo huandikwa kwa namba mbili, magoli kwanza halafu pointi. Kwa hiyo wakiandika 2-4 maana yake ni magoli mawili na pointi nne, yaani jumla 10. Watoto wa darasa la nne waulizeni hesabu hiyo, wataiweza.

Chama kinachosimamia mchezo huu kilianzishwa mwaka 1884 katika mji wa Thurles. Sasa sikilizeni jambo la muhimu. Wachezaji wa kaunti hawalipwi mshahara. Wanaojaza uwanja wa Croke Park pale Dublin, uwanja unaochukua watu zaidi ya 82,000, Jumatatu asubuhi wanarudi kazini kama watu wengine. Huyu ni mwalimu, yule ni mkulima, mwingine ni polisi au mwanafunzi wa chuo. Na kwa kawaida mtu anachezea kaunti ya kwao. Hakuna kaunti inayoweza kwenda kwa jirani na mfuko wa pesa ikanunua mshambuliaji. Ukiwa na watu wachache, utacheza na hao hao wachache.

Kaunti iliyomwaga watu wake

Leitrim ni kaunti yenye watu wachache kuliko zote 32 za kisiwa kile. Katika sensa ya 2022 ilihesabiwa watu 35,199. Dublin ilikuwa na zaidi ya watu milioni moja na laki nne. Yaani watu wote wa Leitrim, mpaka vikongwe na watoto wachanga, ukiwaingiza Croke Park mara mbili bado viti vinabaki.

Lakini haikuwa hivyo tangu zamani. Mwaka 1841 Leitrim ilikuwa na watu zaidi ya 155,000. Kisha mwaka 1845 ukaja ugonjwa wa viazi. Maskini wa Ayalandi walikuwa wanategemea viazi kama wengine wetu tulivyotegemea muhogo. Viazi vikaoza shambani mwaka baada ya mwaka. Katika nchi nzima karibu watu milioni moja walikufa kwa njaa na magonjwa, na wengine milioni moja au zaidi wakapanda meli kwenda Marekani, Uingereza na kwingineko. Sensa ya 1851 ilikuta Leitrim ina watu kama 112,000. Miaka kumi tu, na zaidi ya watu 40,000 hawapo.

Njaa ilipokwisha, kuondoka hakukuisha. Ardhi ya Leitrim ni ya maji maji na haina rutuba nyingi, na kazi za viwanda zilikuwa chache. Kila kizazi kilipofika miaka 18 au 20 kilifunga mizigo. Mwaka 1996 kaunti nzima ilibaki na watu kama 25,000. Piga hesabu mwenyewe: katika kila watu sita waliokuwepo zamani, amebaki mmoja.

Kijana anayeondoka na miaka 20 ndiye huyo huyo aliyetakiwa kuwa beki au kiungo wa timu. Kwa hiyo Leitrim kupigwa uwanjani hakukuanzia uwanjani. Kulianzia kwenye vituo vya basi na bandarini.

Miaka 67

Kaunti hizi zimegawanywa katika majimbo manne ya michezo. Leitrim iko jimbo la Connacht pamoja na Galway, Mayo, Roscommon na Sligo. Mwaka 1927 Leitrim waliifunga Galway wakawa mabingwa wa Connacht kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo walisubiri miaka 67.

Wapo waliocheza maisha yao yote bila kuona kombe. Packy McGarty alianza kuichezea Leitrim mwaka 1949 na akaendelea kwa zaidi ya miaka 20. Wazee wa Ayalandi wanamtaja miongoni mwa washambuliaji bora wa wakati wake. Timu yake ilifika fainali ya Connacht mara nne mfululizo, kuanzia 1957 mpaka 1960, na mara zote nne ikafungwa na Galway. Alifariki mwaka 2021 bila medali hiyo ya jimbo, lakini kwao wanamheshimu kuliko wengi wenye makombe. Alirudi uwanjani mwaka baada ya mwaka, na watoto wakamwona akirudi.

Walivyojenga

Basi, mwaka 1994 Leitrim walichukua ubingwa wa Connacht. Watu wa mbali walisema ni bahati. Mimi nikipanga miaka yao kwenye ubao naona ngazi, moja baada ya nyingine.

Mwaka 1990 walishinda mashindano ya taifa ya daraja B, yale ya kaunti ndogo. Mwaka huohuo mchezaji wao Mickey Quinn alichaguliwa kwenye kikosi bora cha nchi nzima, na alikuwa mtu wa kwanza kutoka Leitrim kupata heshima hiyo. Mwaka 1991 vijana wao wa chini ya miaka 21 wakawa mabingwa wa Connacht. Hapa naomba msome taratibu: vijana walishinda jimbo miaka mitatu kabla ya wakubwa. Mbegu ilionekana kwanza kwenye kitalu.

Mwaka 1992 ndipo akaja kocha John O'Mahony. Yeye hakuwa mtu wa Leitrim, alitoka kaunti ya Mayo, na kazi yake ilikuwa ualimu. Alikuwa amekwisha kuifikisha Mayo kwenye fainali ya taifa mwaka 1989. Kwa hiyo siwezi kusema kocha hana maana. Kocha mzuri ana maana kubwa. Ila O'Mahony alipofika alikuta vijana wamekwisha kulelewa na wakongwe kama Quinn bado wapo. Akawaunganisha. Mwaka 1993 wakaifunga Galway. Mwaka 1994 wakawatoa Roscommon, wakawatoa Galway baada ya kurudiana, wakafika fainali dhidi ya Mayo.

Fainali ilichezwa Julai 1994 mjini Roscommon. Kabla dakika moja haijaisha, Mayo wakapata goli. Hebu fikirini: umesubiri miaka 67, umesafiri na baba yako na babu yako, na hujakaa vizuri umeshafungwa. Timu nyingi zingekufa moyo palepale. Leitrim wakaanza kuokota pointi moja moja juu ya mwamba. Mwisho wa mchezo ulikuwa Leitrim 0-12, Mayo 2-4. Pointi 12 kwa 10. Leitrim hawakupata hata goli moja la wavuni, walishinda kwa vidogo vidogo.

Nahodha wa siku hiyo aliitwa Declan Darcy. Yeye alizaliwa Dublin, lakini familia yake ilikuwa na asili ya Leitrim, na sheria iliruhusu mtoto wa namna hiyo kuchezea kwao wazazi. Alipopewa kombe, alisimama na mzee Tom Gannon, aliyekuwa nahodha wa mwaka 1927 na alikuwa bado hai. Wakalishika pamoja, mzee na kijana. Picha hiyo mpaka leo watu wa Leitrim wanaitunza. Kijana aliyezaliwa nje ya kaunti, akiwa na mzee aliyeibeba kaunti zamani: wote wawili walihesabiwa wa nyumbani.

Mwezi uliofuata walikwenda Croke Park kucheza nusu fainali ya taifa, wakafungwa na Dublin kwa tofauti kubwa. Haidhuru. Baadaye O'Mahony aliondoka, akaipa Galway ubingwa wa taifa mwaka 1998 na tena 2001. Alifariki mwaka 2024.

Kuanguka tena

Ningependa kuwaambia kwamba baada ya 1994 Leitrim waliishi raha mustarehe. Haikuwa hivyo. Hawajachukua tena kombe la Connacht. Hesabu yao yote ni mawili, la 1927 na la 1994.

Mwaka 2023 yaliwakuta mazito. Katika mashindano ya Connacht wanashiriki pia watu wa Ayalandi wanaoishi London na New York. Timu ya New York ilianza kushiriki mwaka 1999, na kwa miaka yote hiyo haikuwahi kushinda mchezo hata mmoja wa mashindano hayo. Aprili 2023 Leitrim walisafiri mpaka New York, kwenye uwanja ulioko mtaa wa Bronx. Dakika za nyongeza zikaisha wakiwa sare, 0-15 kwa 0-15. Wakapigiana penalti, New York wakashinda 3 kwa 2. Kule Bronx watu walilia kwa furaha, maana timu ile ni ya vijana waliohama kutoka kaunti mbalimbali na wengine waliozaliwa hukohuko Marekani. Kwa Leitrim ilikuwa fedheha. Na ukiangalia kwa jicho la historia, kisiwa kile kilipeleka watoto wake ng'ambo kwa zaidi ya miaka 150, na siku hiyo watoto wa ng'ambo wakashinda. Iliwaangukia kaunti iliyopeleka watu wengi kuliko uwezo wake.

Hawakuvunja timu. Mwaka uliofuata, 2024, chini ya kocha Andy Moran, naye mtu wa Mayo, walipanda kutoka daraja la nne la ligi kwenda la tatu. Watu wakasema sasa tumeinuka. Lakini baada ya msimu ule kocha aliondoka, na wachezaji kadhaa nao hawakurudi kikosini. Januari 2025, siku za kwanza za ligi mpya, Leitrim walitakiwa kucheza na Fermanagh. Wakahesabu majeruhi, wakahesabu wasiokuwepo, wakakuta hawawezi kupeleka timu uwanjani. Fermanagh wakapewa ushindi wa mezani. Kaunti nzima, yenye bendera na uwanja wake, imekosa watu wa kucheza! Mwisho wa ligi hiyo walishuka tena daraja la nne.

Ukisoma harakaharaka utasema kocha mpya ndiye tatizo, au wachezaji wa sasa hawana moyo. Mimi naona tofauti. Timu ikiwa na watu 17 au 18 tu wa uhakika, wakiondoka watano na wakiumia wanne, imekwisha. Hata kama wote ni hodari. Mwaka 1994 kulikuwa na kizazi kizima nyuma ya kikosi. Mwaka 2025 nyuma ya kikosi palikuwa peupe.

Kinachoweza kuwainua

Kuna habari njema ndani yake. Tangu 1996 mpaka 2022 watu wa Leitrim waliongezeka kwa zaidi ya 10,000. Maana yake watu wapo wengi kuliko walivyokuwepo siku Darcy anashika kombe, na watoto wao wapo. Kazi iliyobaki ni kuwafikisha watoto hao uwanjani na kuwabakisha humo.

Chama chao kina utaratibu mzuri kwa watoto wadogo, mpaka umri wa miaka 11 hivi. Wanacheza kwenye viwanja vidogo, watu wachache kila upande. Kila mtoto lazima acheze, hakuna wa kukaa benchi mchezo mzima akichunga viatu vya wenzake. Na matokeo hayatangazwi magazetini. Sababu yao ni rahisi. Mtoto wa miaka tisa ambaye leo ni mzito anaweza kuwa beki imara akiwa na miaka 19, lakini ukimfukuza leo hutamwona tena. Kaunti yenye watu milioni inaweza kufukuza watoto na isione hasara. Leitrim hawawezi. Huko vijijini Ayalandi, parokia zikikosa watoto wa kutosha, mbili zinaunganisha watoto wao wakacheza pamoja, hata kama baba zao walikuwa wapinzani wakali. Na wasichana nao wanacheza mchezo huu, wana chama chao tangu 1974.

Jambo la pili ni wale walioko mbali. Wachezaji wengi wa kaunti kama Leitrim wanasoma au kufanya kazi Dublin, kama kilomita 150 kutoka kwao. Kuja mazoezini usiku wa katikati ya wiki na kurudi ni safari ya saa nyingi, na kesho yake kuna kazi. Kaunti ikiwapangia vizuri, wanabaki. Ikiwapuuza, wanachoka kimyakimya.

Na sisi je?

Wazee wangu na wazazi wangu, sisi siyo Ayalandi. Wao wana kaunti yao na viwanja vyao, hakuna atakayewaambia wahame. Sisi hatujui mwakani tutakuwa wapi. Lakini kwenye jambo hili la timu isiyoweza kununua mtu, tuko sawa nao. Hata sisi wachezaji wetu ni hawa waliopo.

Ndiyo maana neno la "tuivunje timu" linaniuma. Linaniuma zaidi kwa sababu ya watoto wanaosikiliza. Mtoto wa miaka kumi anakaa pembeni ya uwanja, anasikia mkubwa anasema, "Wazuri wote wameshaondoka, waliobaki ni hawa tu." Yeye ni mmoja wa hao "hawa tu". Anakwenda kulala na neno hilo. Darasani namwona: ukimwuliza swali anainamisha kichwa, kama mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba watu wa maana wako kwingine. Sisi tulikuwa tunaongea mpira, kumbe tumempa mtoto kipimo cha maisha yake.

Basi naomba tufanye mambo haya machache, na hayahitaji mfadhili.

Moja, kila timu ya wakubwa iwe na timu ya watoto nyuma yake, wavulana na wasichana. Wachezaji wawili wa timu kubwa wapewe kazi ya kuwafundisha mara mbili kwa wiki baada ya masomo. Mpira wa makaratasi na kamba unatosha kwa kuanzia. Watoto wadogo wote wacheze, tusichague wenye mbio tu.

Mbili, tuwe na daftari. Tuandike majina ya watoto na umri wao, na nani anamfundisha nani. Kocha akipata safari kesho, anayemfuata asianze kutoka sifuri. Nimesema daftari kwa sababu kichwa cha mtu kinaondoka na mtu.

Tatu, anayeondoka aagwe vizuri. Tusimnunie wala tusimwite msaliti. Kabla hajaondoka amfundishe mmoja namba yake, awe kipa au winga. Na akifika huko aendelee kuhesabiwa wa kwetu, kama Darcy alivyohesabiwa. Akipiga simu tumweleze watoto wanaendeleaje, tusimwombe jezi tu.

Nne, na hili ni la nyumbani. Mama zetu na baba zetu, mgawane kazi za jioni kati ya watoto wote. Mara nyingi msichana ndiye anabaki bombani na kwenye kuni mpaka giza linaingia, wakati kaka yake yuko uwanjani tangu saa kumi. Kaka akibeba ndoo siku mbili kwa wiki hatavunjika mgongo, na dada atapata saa yake ya kucheza.

Tano, tusipime kwa ushindi wa mwezi huu. Leitrim kutoka 1990 mpaka 1994 ni miaka minne, na huo ndio mwendo wa haraka waliowahi kwenda. Tukipigwa magoli sita na timu ya mtaa wa pili, tujiulize watoto wangapi walikuja mazoezini wiki hii. Wakiwa ishirini kutoka kumi, tumesonga mbele.

Wapo watakaoniambia, "Mwalimu, watoto hao nao wataondoka, unamjengea nani?" Ni swali la haki. Nami jibu langu ni kwamba mtoto akiondoka na mazoea ya kufika kwa wakati, kusikiliza, kupokea kushindwa bila kugombana na kumpa mwenzake mpira, ameondoka na kitu ambacho mpakani hakuna atakayemnyang'anya. Na atakayebaki atakuwa na timu ya kuchezea. Wote wawili wamefaidi.

Ya kuzungumza nyumbani

Kama kawaida yetu, naacha maswali machache ya familia kuongea baada ya chakula. Wazee, ni timu gani au mchezo gani mliocheza mkiwa vijana kule nyumbani, na nani aliwafundisha? Wazazi, katika watoto wenu ni yupi anayekaa pembeni bila kuchezeshwa, na kwa nini? Watoto, nani kati ya wakubwa mngependa awafundishe? Na hesabu ya wiki: timu A imepata 1-9, timu B imepata 0-13, nani kashinda na kwa pointi ngapi? Majibu mletee mwalimu wako wa darasa.

  

Mwalimu wenu wa kujitolea